Chupa Iliyofunguliwa Mbele ya Wakwe

Baraka, tarehe 11 Machi 2024

Baba Mukubwa Norbert,

Nakusalimia sana, wewe na Mama Mukubwa Anastasie. Hapa Baraka tuko wazima. Mvua imegeuza soko kuwa tope, ndagala wamepungua ziwani, na bamama wanaowauza hawaongei na mtu vizuri. Dada yangu mkubwa, Yaya Solange, amejifungua mtoto wa kike, amempa jina la Mama Mukubwa. Mwambie. Najua atajifanya hajali, kisha atapita kwa majirani wote.

Lionel anakusalimia pia. Wazee wake wa Makobola wameanza kuulizana watapanda lini Fizi kuzungumza mahari, naye anatetemeka. Nilimwambia kwamba aliyenilea tangu baba yangu afariki si simba, ni mkurugenzi wa shule aliyestaafu. Akanijibu: “Simba aliyekosa kazi ndiye mubaya kupita wote.”

Sasa neno lenyewe. Uliniomba nisiguse habari hii kwenye simu, kwa kuwa Mama Mukubwa huweka sauti ya juu na nyumba nzima husikia. Nimekubali, ndiyo maana nachukua karatasi. Mwezi wa pili, daktari wa hapa ninapofanya kazi alikueleza mbele yangu: una ugonjwa wa sukari. Kile kidonda chini ya kidole gumba hakikuletwa na kiatu kipya. Umeze vidonge kila siku, ushuke kila mwezi tukupime na kukisafisha, na uache kabisa sukre, hizi soda za chupa. Akasema usipofanya hivyo tutafika kwenye kuukata mguu. Wewe ulikuwa unatazama kalenda ya ukutani.

Mwezi umekwisha, sikukuona. Nilipanga zamu zangu ili siku ile niwe upande wa wagonjwa wa nje. Kila mzee aliyeingia na kofia, nilidhani ni wewe.

Mtoto wako,
Gentille

*

Fizi, tarehe 2 Aprili 2024

Binti yangu Gentille,

Barua yako ilinifikia ikiwa imelowa pembeni, maana aliyeileta alianguka na pikipiki kwenye mteremko. Yeye ni mzima. Huku juu tunamshukuru Mungu. Maharagwe yamechanua, muhogo wa upande wa mto umeoza kwa maji, na paka wa mama yako mkubwa amezaa ndani ya kabati la vitabu vyangu, juu ya kamusi. Habari ya jina ilimfikia. Alisema, “Wangempa jina la kisasa, mutoto maskini.” Jioni yake jirani zetu wote walikuwa wameshajua.

Kuhusu lile jambo, usiwe na wasiwasi. Nimelielewa vizuri, hata kuliko nilivyoelezwa, kwa sababu nilifundisha biolojia miaka mingi. Nikueleze. Sukari ni kama wanafunzi waliofika shuleni asubuhi. Mwili unayo kengele inayowaingiza madarasani. Kengele ikiharibika, wanafunzi hubaki uwanjani, wanavunja madirisha. Kwa hiyo tiba yake ni utaratibu, na utaratibu ndio kazi niliyoifanya maisha yangu yote.

Mimi sikuzaliwa na akili nyingi, binti yangu. Tulipokuwa wadogo, marehemu baba yako alinipita mbali. Nilichokuwa nacho ni kuamka kabla ya wengine, kumaliza nilichoanza, na kufanya vizuri hata siku ambayo hakuna anayenitazama. Kwa hayo tu nilipata diploma. Watoto niliowashika hivyo leo ni wauguzi, ni wenye mitumbwi ya mizigo, wengine wana nyumba za matofali. Wenye akili nyingi wasio na nidhamu unawajua; wengine wanakaa chini ya ukuta wa soko wakisubiri mtu wa kuwanunulia kinywaji. Basi usifikiri kwamba mtu kama mimi atashindwa na chupa.

Sikushuka kwa sababu ya barabara. Kidonda hakiumi hata kidogo.

Wazee wa Lionel wametuma neno kwamba watapanda mwezi wa nane, barabara ikikauka. Msemaji wao atakuwa Jérémie, ambaye alikaa kwenye darasa langu. Msemaji wa upande wetu ni mimi, na hapo lazima uelewe desturi, ninyi mliokulia mjini mnaisikia nusu tu. Wakwe huleta makreti ya vinywaji. Msemaji wa upande wa binti ndiye anayefungua chupa ya kwanza, na anakunywa mbele ya wote. Maana yake: tunawaamini, hatuogopi mkono wenu. Kila neno likikubaliwa, chupa nyingine inafunguliwa na wasemaji wawili wanakunywa. Anayekataa chupa iliyofunguliwa amesema bila mdomo, “Ninyi ni watu wa sumu.” Nimeona ndoa ikivunjika hivyo kabla ya chakula kuiva.

Zamani ilikuwa pombe ya ndizi. Ni mimi niliyesimama kanisani nikasema pombe itoke kwenye mahari, iingie sukre, ili wazee wasizungumze ndoa wakiwa wamelewa. Watu walicheka, leo wote wanafanya hivyo. Ninajivunia jambo hilo.

Habari za mguu zibaki kati yetu wawili.

Baba yako mkubwa,
Norbert

*

Baraka, tarehe 20 Aprili 2024

Baba Mukubwa,

Salamu nyingi. Hapa Solange na mtoto wanaendelea vizuri. Kambi ya wakimbizi ya Lusenda imetuletea wagonjwa wengi wa kuhara, tunalala tukiwa tumesimama kama mbuzi wa lori. Mimi ni mzima.

Niliisoma barua yako mara mbili. Ile habari ya kengele ni nzuri, nimeitumia kumweleza mgonjwa mmoja, akaelewa kuliko nilipomweleza kwa maneno yangu. Lakini hukuniambia kama unameza vidonge.

Yule kijana wa pikipiki aliyeileta alikaa kunywa maji. Nikamuuliza tu, “Mwalimu anaendelea?” Akasema: “Muzee iko muzima kabisa! Nilimuona kwa kilio cha mama Georgette, iko anakunywa sukre moja, ya pili, anasema na batu vizuri. Ule muzee hagusi pombe hata kidogo. Mutu wa nidhamu.” Alikuwa anakusifu, Baba Mukubwa. Mimi niligeuka nikajifanya natafuta kikombe.

Kidonda kisichouma ndicho kibaya. Mguu wako umekufa ganzi, sukari imekula mishipa ya fahamu. Ukikanyaga msumari leo, utajua kesho ukiona damu. Wewe unahesabu kutouma kuwa ni kupona.

Unakumbuka jinsi ulivyonishika nilipotaka kuacha shule ya uuguzi? Hukunipiga. Ulikaa nami mezani kila jioni na kitabu chako, nami na cha kwangu, na hukuinuka mpaka nimeinuka. Kama nina kazi leo, ni kwa ajili ya meza ile. Nakuomba niruhusu nikae nawe hivyo katika hili. Niruhusu niwaambie wazee wa Lionel kabla hawajapanda, kwamba Baba Mukubwa anaumwa, atakunywa maji. Si aibu. Ni ugonjwa kama malaria.

Gentille

*

Fizi, tarehe 9 Juni 2024

Gentille,

Hapa wote wazima. Muhogo uliobaki umevunwa. Paka wametolewa kabatini.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka hasira ipite kwanza. Usimuulize mwendesha pikipiki habari zangu. Mimi si mzigo.

Unasema ni kama malaria. Nikueleze kwa nini si kama malaria. Mtu akisema “nina malaria,” watu humletea machungwa. Akisema “nina sukari,” watu hutazamana. Hapa kwetu wanasema huo ni ugonjwa wa aliyekula peke yake. Nimeongoza shule, vyakula vya wanafunzi vimepita mikononi mwangu, misaada imepita. Sikugusa hata kopo. Unataka nimalize maisha yangu watu wakinong'ona kwamba tumbo la mwalimu limetoa ushahidi?

Na maji hayawezi. Maji yanatoka kwenye mtungi wetu wenyewe. Kunywa maji yangu si kuwaamini wao. Ukiwaambia mapema, watasema tumetafuta kisingizio, na mama yake Lionel tayari ana mashaka nasi. Nitakunywa kidogo kidogo. Ni siku moja tu. Hata daktari anajua kwamba siku moja haiui mtu.

Ukiwaambia, sitasimama kuwa msemaji. Mtafute mwingine.

Norbert

*

Baraka, tarehe 19 Agosti 2024

Baba Mukubwa,

Nimerudi salama. Mwambie Mama Mukubwa kwamba sombe yake ya majani ya muhogo ilisifiwa njia nzima mpaka Baraka, na mama yake Lionel ameomba ajue alitia nini. Wazee wa Makobola wamefurahi. Wanasema hawajawahi kuona mahari iliyozungumzwa kwa utulivu vile, bila sauti kupanda.

Mimi nilikuwa jikoni na bamama, kwenye ule mlango unaotazama sebuleni. Nilikuona.

Nilikuona ukifungua chupa ya kwanza, ukaiinua ili wote waione. Mzee Jérémie akasema, “Mwalimu, wewe ulitufukuza darasani kama tulichelewa. Leo sisi tumefika mapema, utatuongezea maksi?” Watu wakacheka, nawe ukanywa. Neno la mbuzi likakubaliwa, mkanywa. La ng'ombe, mkanywa. Wakati wa kitenge cha mama ulisema umesahau kitu, ukajaribu kuirudisha chupa mezani ikiwa imejaa, na yule shangazi yao mwenye kilemba cha kijani akaitazama tu. Ukaichukua tena ukaimaliza.

Mama mmoja wa upande wao alisimama karibu nami akasema, “Angalia baba yenu, hatoki jasho hata, muntu wa kujizuia.” Lakini ulikuwa unatoka jasho. Na ulipoinuka kuwasindikiza ulikuwa unavuta mguu, na soksi ya kulia ilikuwa na doa lililolowa.

Ningeweza kutoka jikoni. Ingetosha kusema neno moja: “Baba anaumwa.” Nilikuwa na bakuli la ugali mikononi, nikasimama na hilo bakuli mpaka likanichoma. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka mambo yaishe vizuri na niolewe. Mimi ni muuguzi. Nimewaambia wake za watu na watoto wa watu, “Msimwache mzee anywe hizo,” nikiwa nimevaa koti jeupe. Na wa kwangu nilimwacha.

Sikuandikii kukulaumu. Sina haki hiyo tena. Nakuomba tu ushuke. Hata kesho.

Gentille

*

Fizi, tarehe 8 Septemba 2024

Binti yangu,

Sote tuko wazima. Mvua za kwanza zimeanza.

Hukufanya kosa lolote. Siku ile ilikwenda vizuri na ndilo jambo la kukumbuka. Kidonda kinaendelea kupona, kimekauka na kubadilika rangi, jambo ambalo ni la kawaida kwa ngozi mpya. Vidonge vimekwisha lakini sioni haja ya kuharakisha. Nitashuka baada ya kumaliza kupalilia.

Norbert

*

Baraka, tarehe 14 Septemba 2024

Baba Mukubwa,

Salamu zitangoja. Kimebadilika kuwa rangi gani?

Kama ni nyeusi, si ngozi mpya. Ni nyama iliyokufa, na inapanda juu. Usingoje kupalilia. Nimemwonyesha daktari barua yako, nisamehe. Amesema kila juma linalopita linachukua sehemu ya mguu.

Sitapanda kukuchukua kwa nguvu. Najua utajificha shambani. Lakini nijibu rangi.

Gentille

*

Fizi, tarehe 6 Oktoba 2024

Mwanangu Gentille,

Ni nyeusi. Vidole viwili, na chini, kwenye wayo. Imekuwa hivyo tangu kabla ya barua yangu iliyopita, na nilipoandika “rangi” nilijua ninachokiandika.

Nakusalimia. Mama yako mkubwa anakusalimia. Ameketi hapa mbele yangu na anajua yote. Nikueleze ilivyokuwa, kisha utafanya utakalo na heshima uliyonipa.

Jumatano alihisi harufu. Alidhani panya amekufa chini ya kitanda, akahamisha vitu vyote, akafagia, akamwaga maji. Nami nilimsaidia kumtafuta huyo panya. Ndiyo, nilipiga magoti na tochi nikatafuta panya ambaye nilijua ni mguu wangu. Nafikiri katika maisha yangu yote sijashuka mahali pa chini kuliko pale sakafuni. Aliponiona ninainuka kwa shida, alinivua kiatu mwenyewe.

Hakupiga kelele. Aliosha mguu kwa maji ya chumvi, taratibu, kisha akaniuliza nani mwingine anajua. Nikasema wewe, tangu mwezi wa pili. Akasema: “Kumbe mimi ni jirani hapa. Mtu analala kitandani kwangu, na habari zake zinapanda na kushuka kwa pikipiki.”

Halafu akauliza kuhusu siku ya mahari, kama nilikunywa nikijua. Nikasema ndiyo, nilikunywa nikijua, kwa sababu ya wakwe. Akachukua simu, akaweka sauti ya juu kama kawaida yake, akampigia Jérémie kule Makobola. Nilimwomba asifanye hivyo. Akanitazama tu jinsi mimi nilivyokuwa nikiwatazama wanafunzi.

Akamwambia: “Shemeji, huyu mwalimu wenu anaoza mguu. Ana sukari. Alikunywa vinywaji vyenu vyote kwa kuogopa mtasema anawaita watu wa sumu. Sasa niambie, mngesema hivyo?”

Nilifikiri mtandao umekatika. Kisha Jérémie akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake hata alipokuwa mtoto:

“Mama, mi pia niko na sukari. Siku mingi. Bibi yangu peke yake njo anajua. Ile siku nilikuwa naangalia Mwalimu. Nikasema, yeye akipumzika, na mi nitapumzika. Hakupumzika. Na sisi njo tulileta ile makreti. Mwenye kuleta akikataa kunywa, batu batasema nini? Nikanywa. Kufika nyumbani, nilianguka mulangoni, balinipeleka kwa dispensaire na kitanda.”

Kisha akaanza kucheka, na mama yako mkubwa akacheka kidogo pia, akasema, “Kumbe mlikuwa mnauana kwa heshima.” Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa nahesabu kwamba kila chupa niliyoinua ili watu waone jinsi ninavyojizuia, nilikuwa namnywesha na mwenzangu.

Nimefikiri sana siku hizi, nikiwa na mguu juu ya kiti. Niliwafundisha watoto wa watu kwamba ukijitawala utafanikiwa, na sikudanganya, nimewaona wamefanikiwa. Lakini mimi nilijitawala kwa vitu vyepesi kwangu. Kuamka mapema hakukunigharimu, sipendi usingizi. Kuacha pombe hakukunigharimu. Sikuwahi kupenda ladha yake. Watu walinisifu kwa kuacha nisivyovipenda. Kitu kimoja tu nilichokipenda kwa kweli ni hicho, kusifiwa. Siku nilipotakiwa kukiacha kwa dakika chache mbele ya shangazi mwenye kilemba cha kijani, sikuweza. Mlevi wa ukuta wa soko angeweza. Yeye angesema, “Mama, hii sinywi, inaniua,” na angeendelea na mazungumzo.

Sikuandikii haya ili uniambie si kitu. Ni kitu. Na lile bakuli lililokuchoma mikono, ni mimi niliyekushikisha, niliposema sitasimama kuwa msemaji ukiwaambia. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko vidole.

Nitashuka Jumanne, kama daraja litapitika. Mama yako mkubwa atakaa nyuma yangu kwenye pikipiki ili nisianguke. Jérémie atatoka upande wake wa Makobola, tutakutana hapo kwenye foleni ya wagonjwa wa nje, maana ameacha dawa zake kama mimi. Sijui watakata wapi. Nimemwambia Mungu nitakubali popote daktari atakapoweka kidole.

Nina ombi moja. Usiombe ruhusa siku hiyo. Usinipitishe mlango wa nyuma, na usininong'oneze. Uwe kazini, na koti lako. Ikifika zamu yangu, niulize kwa sauti unayowauliza wengine, mbele ya watu wote wa benchi, hata kama wamo wanafunzi wangu: “Mzee, una ugonjwa gani, na umekunywa nini?”

Nitajibu.

Baba yako mkubwa,
Norbert